My Dark Places ya James Ellroy: mwandishi ananikera, kitabu nakipa nyota nne

Wacha nianze na hili ndio tusije tukalaumiana baadaye: James Ellroy kama mtu hanipendezi hata kidogo. Nimeangalia intavyu zake nyingi kwa simu. Mzee mrefu, kipara, shati za maua, anapanda stejini anabweka. Sisemi kwa mfano, anabweka kabisa kama mbwa, alafu anawasalimia watu waliotoka kwao kuja kumsikiliza kwa kuwaita wachunguliaji wa madirisha, makuwadi, wanusaji wa chupi na mengine ambayo siwezi kuandika hapa. Amejipachika jina la mbwa wa shetani wa hadithi za uhalifu za Marekani, na akiulizwa nani mkali katika hii kazi anajitaja mwenyewe bila kupepesa macho.

Na bado kitabu chake cha My Dark Places, kilichotoka 1996, nimekimaliza, kuna kurasa nimezirudia, na mtu akiniuliza kama kinafaa kununuliwa namwambia nunua. Hapa Nakuru tuko kikundi kidogo cha watu tunaopokezana vitabu na hii mambo imetugawanya vibaya sana. Kuna mmoja wetu amekataa kabisa hata kukishika, anasema hawezi kumpa mtu wa tabia hiyo masaa yake, na mwingine anasema mwandishi ni mwandishi na kitabu ni kitabu, vile mtu anaishi kwake haituhusu. Mimi sikubaliani na hao wote wawili. Tabia ya mwandishi inaingia kwenye kitabu, haiwezi kubaki nje mlangoni, swali ni ikishaingia inamfunika nani.

Kwanza kitabu chenyewe. Hii sio riwaya, ni maisha yake. Mamake, Geneva Hilliker ambaye watu walimwita Jean, alikuwa nesi wa kiwanda, miaka 43, ameachana na mumewe, anaishi na kijana wake El Monte, mji wa watu wa kawaida mashariki mwa Los Angeles. Juni 22, 1958, Jumapili asubuhi, akapatikana amenyongwa na kutupwa karibu na shule ya sekondari ya Arroyo. Kijana alikuwa na miaka 10, wikendi hiyo alikuwa kwa babake, akarudi na teksi akakuta polisi wamejaa nyumbani. Muuaji hajawahi kupatikana mpaka leo.

Sasa angalia hii. Siku hiyohiyo mpiga picha wa gazeti akamchukua huyo mtoto, akamsimamisha kwenye meza ya useremala ya watu wa karibu, akashikishwa kifaa cha fundi mkononi, akapigwa picha. Mama yake hata hajazikwa. Ellroy anairudia hiyo picha mara kwa mara kwenye kitabu, anaiangalia sura ya yule mtoto anajaribu kuisoma, na anakubali kitu ambacho watu wengi wangeficha mpaka kaburini, kwamba machozi alijilazimisha kuyatoa. Wazazi walikuwa wanamvutana, yeye alimtaka baba, na mama akifa basi ataenda kwa baba. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikakaa kidogo.

Kimegawanywa sehemu nne. Ya kwanza ni kama unasoma faili la polisi, sentensi fupi fupi kavu, nani alihojiwa, alisema nini, gari la aina gani lilionekana. Mhudumu wa mkahawa wa kuletewa chakula kwenye gari anakumbuka alimhudumia huyo mama usiku ule, akiwa na mwanamume fulani wa ngozi ya kahawia kahawia, walikuja wakaondoka wakarudi tena usiku wa manane. Kwa baa walionekana pia na mwanamke mwingine mwenye nywele za rangi ya dhahabu. Polisi wakawatafuta hao wawili weee, hawakuwapata. Hii sehemu inachosha, nasema ukweli, majina ni mengi na washukiwa wanakuja wanaenda, lakini uchovu wenyewe ndio kesi yenyewe, ndivyo faili linavyokufa.

Sehemu ya pili ndio ile ya kumjua mtu mwenyewe na hapa ndio wenye roho nyepesi watakitupa. Anasimulia ujana wake wote. Pombe, madawa, kulala nje, kuiba madukani, kuingia nyumba za matajiri wa Hancock Park usiku kunusa nguo za ndani za wasichana. Shule yake ilikuwa na wanafunzi wengi Wayahudi, na yeye akajitia Unazi ili awachokoze tu, mpaka akafukuzwa. Anaeleza vile alivyokuwa anamuwaza mamake kwa njia ambayo hakuna mtoto anafaa kumuwaza mamake. Hajipambi hata kidogo, na hapo kusema kweli ndio nilianza kuelewa zile kelele za stejini zinatoka wapi. Yale matusi anayowarushia watu ukumbini ni orodha ya vitu alivyofanya yeye mwenyewe! Kwa steji anavipigia kelele kama mtu anayejisifu. Kwa kitabu anaviandika polepole, mchana, vina anwani na vina aibu. Ni mambo yaleyale lakini moja linanichefua na lingine linanifanya nisome mpaka saa nane usiku.

Sehemu ya tatu ni ya mpelelezi Bill Stoner, aliyestaafu kutoka ofisi ya sherifu wa kaunti ya Los Angeles. Mwaka wa 1994 Ellroy alipewa nafasi ya kuliona faili la mamake pamoja na zile picha za mwili, alafu akaungana na Stoner wakaifufua kesi wenyewe, wakazunguka zaidi ya mwaka mzima wakitafuta mashahidi waliozeeka ama waliokwisha kufa. Napenda sana hii sehemu juu Stoner ni mtu mtulivu, hana majivuno, na akiwa kwenye ukurasa hata Ellroy mwenyewe ananyamaza kidogo. Unaona kazi ya upelelezi venye ilivyo, kupiga simu, kukosa, kubisha mlango, kuambiwa aliyeishi hapa alihama zamani.

Sehemu ya nne inaitwa kwa jina la mama. Geneva Hilliker. Sehemu ya kwanza inamtaja kwa rangi ya nywele zake tu, ile ya mwisho inampa jina lake lote la kuzaliwa, na katikati ya hayo majina mawili ndio kuna kitabu chote.

Hili sikuliona mimi, aliyeniamsha ni jirani yangu hapa Section 58 ambaye ni nesi wa miaka mingi, nilimuazima nikitaka kusikia maoni ya mtu wa kazi ileile. Nikamuuliza, sista, umekionaje? Akaniambia, "Ndugu yangu, nilitaka kukurudishia mapema kabisa. Huyu mama ameshinda kazini wiki nzima, Jumamosi akatoka ajifurahishe kidogo kama mtu mwingine yeyote, wakamuua, alafu wanamwandika pombe yake na wanaume wake. Kijana wake naye anawasaidia." Nikamuuliza basi mbona amekimaliza. Akasema alikimaliza ndio aone kama mtoto atawahi kumuomba mamake msamaha.

Aliomba? Kwa njia yake, ndio. Anaenda mpaka Wisconsin, kijiji cha Tunnel City alikotoka mamake, anakutana na jamaa wa upande wa mama ambao alikuwa amepoteana nao miaka, na pole pole yule mwanamke wa baa anaanza kuwa msichana, dada wa mtu, mwanafunzi wa unesi, mtu aliyekuwa na ndoto kabla hajakutana na babake Ellroy. Hapo ule ubabe wote umeisha. Hakuna kubweka. Na muuaji hawakumpata, kitabu kinaisha na nambari ya simu ya kupokea habari kutoka kwa yeyote anayejua kitu.

Kitu kimoja kwenye kitabu ambacho kwangu ni kizito kuliko hata hizo za chupi ni pale anapokiri kwamba alimuuza mamake. Mwaka wa 1987 alitoa riwaya ya The Black Dahlia, kuhusu Elizabeth Short, msichana aliyeuawa Los Angeles Januari 1947 na kesi yake pia haijawahi kutatuliwa. Riwaya hiyo ameitoa kwa kumbukumbu ya mamake. Basi wakati wa kuitangaza akawa kila gazeti analikumbusha, mamangu naye aliuawa, mimi ni yule mtoto, na vitabu vikauzwa. Anasema wazi kwamba alimtumia. Kwa hivyo hiyo sura ya mbwa wa shetani haikuanza kama tabia tu, ilikuwa biashara, na bidhaa ilikuwa ni maiti ya mamake, na yeye analijua hilo kuliko msomaji yeyote anayemchukia. Hiyo ndio sababu sikubaliani na yule mwenzetu anayesema maisha ya mwandishi hayatuhusu. Ukiyatoa hayo maisha hapa unabaki na nini? Faili lenye vumbi.

Alafu sisi Wakenya tusijifanye hili swali ni geni kwetu. My Life in Crime ya John Kiriamiti nani hajaisoma? Alifungwa 1971 kwa wizi wa mabavu, akaandika akiwa bado ndani, kitabu kikatoka 1984, mwaka uleule yeye mwenyewe alitoka. Shuleni kilikuwa kinapita dawati kwa dawati mpaka kava inaisha, na hakuna aliyewahi kuuliza kama ni sawa kumfurahia mwizi wa benki. Tulimfurahia kwa sababu ni mwizi wa benki! Jack Zollo, jina analojiita Kiriamiti ndani ya kitabu, alikuwa shujaa wetu, mbio za magari, bastola, kuponyoka polisi. Nilikirudia juzi baada ya hii ya Ellroy na bado kinakimbia vizuri, huyo mtu anajua kusimulia, lakini saa hii nikisoma nawatafuta wale makarani wa benki. Wale waliolazwa chini na bunduki kichwani asubuhi ya kazi. Hawana sura. Wanapita tu, pesa zinatoka, gari linawaka.

Kiriamiti mwenyewe nadhani aliliona hilo, ama kuna kitu kilimsumbua, juu 1989 akatoa My Life with a Criminal, ambayo ni stori ya Milly, yule msichana wake, inasimuliwa na Milly mwenyewe, mtu aliyempenda mwanamume bila kujua anafanya kazi gani. Watu wengi wanaichukua hiyo kama kitabu cha mapenzi cha kufuatilizia kile cha kwanza. Mimi naona ndicho kikubwa zaidi kati ya hivyo viwili, hapo unamuona Zollo akiwa nyumbani, kwa macho ya mtu anayelipia maisha yake bila kuulizwa. Na ikifika kwa Kiriamiti kama mtu sina neno, alihukumiwa, alikaa ndani zaidi ya miaka kumi, akatoka akaacha. Deni lake alilipa kwa njia ambayo Ellroy hakuwahi kuhitaji kulipa.

Anayenipa shida kabisa ni Anne Perry. Huyu alikuwa mama mstaarabu, Mwingereza, mtu wa kanisa, sauti ya chini, akaandika riwaya nyingi za upelelezi za London ya wakati wa Malkia Victoria kuanzia 1979. Hakubweka popote. Alafu 1994 ikajulikana kwamba jina lake la kuzaliwa ni Juliet Hulme, na kwamba akiwa na miaka 15 kule Christchurch, New Zealand, yeye na rafiki yake Pauline Parker walimuua mamake Pauline, Honorah, kwa kumpiga na tofali lililotiwa ndani ya soksi. Walifungwa kama miaka mitano. Tarehe waliyomuua ni Juni 22, 1954. Tarehe ileile, miaka minne kamili kabla ya mama wa Ellroy kupatikana amenyongwa. Nilipozilinganisha hizo tarehe mwili ulinisisimka.

Sasa hapo ndio unaona kwamba sura ya mtu mbele za watu na kitendo chake ni vitu viwili tofauti. Ellroy ana sura mbaya kuliko matendo yake, Perry alikuwa na sura nzuri na kitendo cha kutisha. Vitabu vya Perry nilivifurahia kabla sijajua, maaskari wake ni watu wa dhamiri, wanajiuliza sana kuhusu hatia na kusamehewa. Baada ya kujua nilijaribu kimoja tena na sikuweza. Kila mara mtu anauawa kwenye ukurasa nilikuwa nasubiri Honorah atokee, na hatokei, mambo ya hatia yanazungumzwa vizuri sana lakini daima ni hatia ya mtu mwingine, wa kubuni, wa karne nyingine. Simhukumu, alikuwa mtoto, alifungwa, ameshafariki 2023, apumzike. Lakini raha iliisha na haijarudi, na sijaona kwa nini nijilazimishe.

Najua kuna atakayeniuliza mbona nimchukulie Ellroy kwa upole hivyo na huyu mzee anavyoandika kuhusu watu weusi na Wameksiko. Hilo ni swali la haki na mimi ni Mwafrika ninayesoma nikiwa Nakuru, nimeliwaza. Kwenye riwaya zake za Los Angeles ya miaka ya hamsini polisi wanatukana rangi za watu kila ukurasa, na kwa muda naona ni ushahidi, ndivyo polisi wale walivyokuwa. L.A. Confidential inaanzia kwenye kisa cha kweli cha Krismasi ya 1951, polisi walevi walipowapiga mahabusu karibu kuwaua, wengi wao vijana wa asili ya Meksiko. Mwandishi mwenye adabu zake angeisafisha ile lugha na kisa kingepotea. Lakini My Dark Places sio riwaya, anayesimulia ni yeye, na kuna mahali anaielezea El Monte na watu wake kwa lugha ileile ya mapolisi bila kumuwekea mtu yeyote mdomoni. Hapo ni yeye anajifurahisha. Hapo nilichukia, na ndio maana nyota ni nne. Hao Wameksiko wa El Monte walikuwa majirani wa mamake, na kwa maneno hayo anawafuta vile polisi walivyomfuta mamake.

Sababu nyingine ya kukisoma ni hapa kwetu. Mwaka wa 2022 wanawake waliuawa Mawanga, hapahapa Nakuru, tulilala na hofu, na Januari 2024 watu waliandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Kila mara ikitokea, maneno ya kwanza unayosikia kwa stendi ya boda ni alikuwa anaenda wapi usiku, alikuwa na nani, alivaa nini. Ni maneno yaliyo kwenye faili la El Monte la 1958, yaleyale kabisa. Tofauti ni kwamba Ellroy alianza akiwa upande wa wanaouliza hivyo, akasema hivyo juu ya mamake mzazi, na unamfuata ukurasa kwa ukurasa akitoka huko. Mtu msafi tangu mwanzo asingeweza kunionyesha hiyo njia.

Mambo ya kununua: yangu ni ya mtumba, nilipata kwa jamaa anayetandaza vitabu kando ya barabara hapa taoni, mia mbili hamsini baada ya kusumbuana kidogo, kava imelegea na kurasa zimekuwa njano lakini hakuna iliyotoka. Maandishi ni madogo, mwenye shida ya macho atafute taa nzuri. Kingereza chake kina misimu mingi ya zamani ya Los Angeles, usisimame kwa kila neno, endelea tu utashika. Usimpe mtoto wa sekondari, hata kama ni msomaji mzuri, ile sehemu ya pili sio ya umri huo. Na kama umepoteza mzazi kwa njia ya ghafla soma ukiwa na mtu wa kuongea naye.

Ukikipenda na unataka riwaya zake, anza na The Black Dahlia, kisha L.A. Confidential. White Jazz iache kwanza, sentensi zimekatwakatwa mpaka unapotea. Intavyu zake usitazame kabla, tazama baadaye ukishamaliza, utamsikiliza tofauti. Nakala yangu kwa sasa iko kwa yule aliyekataa kuishika, nesi ndiye alimpelekea, tunamngoja amalize.